Shajara ya mradi: wanyama wa sakafu ya bahari kwenye uwanja wa vinundu

Februari, bandarini

Mizigo yote imepakiwa. Chekeche za maikromita 300 na za maikromita 32 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) zimefungwa kwenye masanduku tofauti, ethanoli ya kuhifadhia wanyama imelazwa kwenye friza ili imkute mnyama ikiwa baridi, na fomalini imetengwa mbali na kila kitu. Tunaelekea upande wa mashariki wa Ukanda wa Clarion-Clipperton, katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico. Huko sakafu ya bahari iko zaidi ya mita 4,000 chini ya mkuku wa meli.

Kinachowavuta watu kule ni vinundu: madonge meusi, mengi yakiwa na ukubwa wa kiazi, yaliyotapakaa juu ya tope. Ndani yake kuna manganisi, nikeli, shaba na kobalti. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilivizoa katika safari yake ya miaka 1872 hadi 1876, na tangu hapo havijasahaulika. Kinundu hukua milimita chache tu katika miaka milioni moja. Kikitolewa, kimetolewa.

Eneo hilo si mali ya nchi yoyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliutangaza utajiri wa madini wa sakafu hiyo kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1994 na yenye makao yake Kingston, Jamaica, ndiyo inayotoa mikataba ya utafutaji. Aliyepewa mkataba anatakiwa kuchunguza viumbe wa eneo lake kabla ya kuomba kuchimba, na timu yetu inafanya sehemu ya kazi hiyo: kueleza ni wanyama gani wanaishi pale, wangapi, na wametawanyikaje, wakati bado hakuna kilichoguswa.

Ubishi mkubwa wa mwezi huu ulihusu vituo vya kuchukulia sampuli. Baadhi ya wenzetu walitaka tuviweke pale ramani inapoonyesha vinundu vingi, kwa hoja kwamba ndipo mashine itakapopita. Mimi nilishikilia tutumie kura ya bahati nasibu: tugawe eneo kwa aina ya ardhi (tambarare, miteremko, vilima, na viwango vya vinundu), kisha ndani ya kila aina vituo viangukie popote kura itakapoangukia. Ukichagua mahali kwa sababu unapataka, baadaye huwezi kusema chochote kuhusu mahali ambapo hukupachagua. Tumekubaliana kutumia kura hiyo. Tumekubaliana pia kwamba idadi ya masanduku ya sampuli itakuwa sawa katika maeneo mawili: lile linalotarajiwa kuathiriwa na uchimbaji, na lile litakaloachwa kama lilivyo ili liwe la kulinganishia.

Machi, kituo cha kwanza

Chombo chetu kikuu ni sanduku la chuma la sentimita 50 kwa 50 ambalo hushushwa kwa waya, huzama katika tope kwa uzito wake, kisha jembe lake hufunga chini na kukata kipande cha sakafu kizima kizima, pamoja na vinundu vilivyokaa juu yake. Kwa maneno, kazi ni nyepesi. Kwa vitendo, waya wa zaidi ya kilomita nne unashuka takriban mita moja kwa sekunde, kwa hiyo kwenda peke yake ni saa moja na ushei, na kurudi vivyo hivyo. Mita za mwisho tunakwenda polepole sana. Sanduku likishuka kwa kasi husukuma maji mbele yake, na maji hayo hupeperusha vumbi laini la juu kabisa, ambamo wamo wanyama wengi tunaowatafuta.

Serahangi wetu amefanya kazi hii tangu zamani na haangalii skrini tu. Huweka kiganja karibu na waya na kusikiliza winchi.

"Mwalimu, amekaa," aliniambia, na sekunde moja baadaye grafu ya mvuto wa waya ikaporomoka. Maana yake sanduku limegusa chini na uzito wake umebebwa na tope.

"Asante, mzee. Tumpe muda kidogo."

Tukampa muda, kisha tukaanza kuvuta.

Sanduku la kwanza tulilikataa. Lilipofika sitahani, maji yaliyobaki juu ya mashapo (tope la sakafu) yalikuwa yametibuka, na upande mmoja wa uso ulikuwa umeoshwa. Kanuni tuliyoiandika bandarini inasema: maji ya juu yakiwa safi, uso ukiwa tambarare na vinundu vikiwa mahali pake, sampuli inakubaliwa, la sivyo, haingii kwenye hesabu. Inauma kutupa saa tatu za kazi ya meli. Hata hivyo sampuli iliyooshwa ikiingia kwenye jedwali, itaonekana kama sehemu yenye wanyama wachache, na hakuna atakayeweza kuitofautisha na sehemu ambayo kweli ina wanyama wachache. Tukashusha tena. La pili lilipanda likiwa na maji maangavu, vinundu vimekaa vile vile vilivyokuwa kwa muda mrefu usiofikirika, na juu ya kimoja kulikuwa na sponji ndogo iliyosimama wima.

Machi, chumba baridi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa kuiandika kwa utaratibu kwa ajili ya yeyote atakayeifanya baada yetu.

Kwanza maji ya juu yanafyonzwa kwa mpira na kupitishwa kwenye chekeche ya maikromita 300, kwa sababu wapo wanyama wanaoelea hapo. Kisha uso wa sanduku unapigwa picha. Vinundu vinang'olewa kimoja kimoja, vinaoshwa, vinapimwa na kupewa namba, na kila kinachoishi juu yake kinaandikwa pamoja na namba ya kinundu chake. Baada ya hapo mashapo yanakatwa kwa tabaka: sentimita 0 hadi 2, 2 hadi 5, na 5 hadi 10. Wanyama wengi wako katika tabaka la juu kabisa. Ukienda chini wanapungua upesi. Kila tabaka linaoshwa polepole kwa maji ya bahari yaliyochujwa na kupozwa, ndani ya chumba chenye nyuzi joto 4 hivi.

Baridi hii haina mjadala. Mnyama ametoka kwenye maji ya nyuzi joto kati ya 1 na 2, akapita kwenye maji ya juu ya tropiki, na kila dakika ya joto inaharibu vinasaba vyake. Kwa hiyo wale tunaowaona wakiwa wazima tunawatoa hapo hapo chini ya hadubini, tunawapiga picha wakiwa na rangi zao, na kuwatia katika ethanoli baridi. Rangi hazidumu. Mnyoo mwekundu ndani ya kimiminika huwa mweupe, na jicho lililokuwa kitambulisho linapotea. Picha ya mnyama akiwa mzima ni nusu ya kielelezo.

Mtambo wa mirija unashushwa kivyake kwa ajili ya wanyama wadogo zaidi, wale wanaobaki kwenye chekeche ya maikromita 32. Huu hutua taratibu na hauvurugi uso, kwa hiyo hata lile vumbi jepesi linapanda nao. Wengi humo ni nematodi, minyoo midogo ya mviringo. Kwa wanyama wa ukubwa wa kati, wale wanaobaki kwenye chekeche ya maikromita 300, minyoo ya polikaeti (yenye pingili na vinywele) ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na krasteshia wadogo, jamii ya kaa na kamba, kama tanaidi na aisopodi. Hakuna hata mmoja anayevutia macho ya mtu asiyetumia hadubini, na kwa hakika ndio wanaobeba sehemu kubwa ya uhai wa mahali hapa.

Saa za chumba baridi ni ndefu na vidole vinakufa ganzi. Tunapokezana.

Aprili, picha

Roboti inayojiendesha imepita mita chache juu ya sakafu ikipiga picha kwa mistari iliyonyooka. Roboti ya waya inafuata sehemu chache kwa video na mkono wa kuokotea. Nukta mbili za leza zilizo umbali unaojulikana zinaonekana kwenye kila picha, na kwa hizo tunapima ukubwa wa kinundu na wa mnyama.

Jongoo bahari wapo, na mmoja wao, Psychropotes longicauda mwenye mkia mrefu uliosimama, humfanya kila aliyeko kwenye chumba cha skrini ainuke. Kuna viti vya pweza, sponji zenye mabua ya kioo, matumbawe membamba yaliyojishika kwenye vinundu, na zenofiofori, kiumbe wa seli moja tu anayejijengea nyumba ya mashapo hadi kufikia sentimita kadhaa. Wengi hupita picha hizi bila kuwatambua zenofiofori, wakidhani ni vipande vya udongo. Nimeomba kila anayeweka alama kwenye picha afundishwe kwanza kuwaona.

Jambo linalorudi tena na tena ni kinundu kama mahali pa kushika. Uwanja wote ni tope laini. Mnyama anayehitaji kitu kigumu hana pengine. Utafiti wa picha uliochapishwa mwaka 2016 kutoka upande huu huu wa mashariki ulionyesha kwamba takriban nusu ya spishi za wanyama wakubwa zilitegemea vinundu. Mwaka huo huo ilichapishwa habari ya pweza wa Bonde la Peru, katika sakafu ya Pasifiki, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, waliotaga mayai kwenye mabua ya sponji zilizokufa, na mabua hayo yalikuwa yameota juu ya vinundu. Pweza hula kwingine, hutembea, hana mizizi popote. Lakini mayai yake yanahitaji bua, bua linahitaji kinundu, na kinundu kinahitaji mamilioni ya miaka. Mtu akiniuliza kwa nini tunaandika namba ya kila kinundu, jibu langu ni hilo.

Juni, nchi kavu

Meli imerudi, sampuli zimegawanywa, na sasa kuna miezi ya hadubini. Kila mnyama anatolewa kwenye mashapo kwa koleo, anapangwa katika kundi lake, kisha wataalamu wa kundi hilo wanaanza kutenganisha spishi, kwa umbo na kwa vinasaba. Wengi hawana jina. Tunawaita kwa jenasi (kundi la spishi za karibu) na namba, na tunahifadhi kielelezo, picha na mfuatano wa DNA pamoja, ili timu nyingine ikimpata mnyama huyo huyo kwingine iweze kujua ni yule yule. Namba yetu bila vielelezo haisaidii mtu. Ukanda huu una wenye mikataba wengi, na kama kila mmoja ana "spishi ya 14" yake isiyolinganishwa na ya jirani, hatutajua kamwe nani anaishi eneo moja tu na nani ameenea kote.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikusanya kumbukumbu zote zilizokuwapo za ukanda huu na kukadiria spishi 5,578 za wanyama, ambazo takriban asilimia 90 hazijapewa jina la kisayansi. Nimeubandika ukutani, juu ya meza ya kutenganishia.

Ninalotaka wasomaji wa shajara hii walichukue kwa uzito ni wanyama walioonekana mara moja. Katika kila sampuli ya bahari kuu, spishi nyingi hutokea kwa mnyama mmoja tu katika seti nzima. Si takataka za kuondolewa kwenye hesabu, kama nilivyoombwa na mmoja wa wachambuzi wetu ili "kusafisha data". Hao ndio wanaotuambia tumebakisha kiasi gani.

Kipo kikokotoo kinachotumika sana, cha mtakwimu Anne Chao, kilichochapishwa mwaka 1984. Chukua idadi ya spishi zilizoonekana mara moja, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya spishi zilizoonekana mara mbili. Jibu ni makadirio ya chini ya spishi ambazo zipo lakini hazijaonekana kabisa. Tuseme kwa mfano una spishi 100 mezani, 50 kati yake zimeonekana mara moja na 15 mara mbili: 50 mara 50 ni 2,500, gawanya kwa 30, unapata 83 na zaidi. Yaani uliohesabu ni 100, na bado kuna angalau 83 ambao hujawahi kuwatia machoni. Sasa ondoa wale 50 kwa jina la usafi. Makadirio yanaanguka hadi sifuri, na ripoti itadai kwamba eneo limejulikana lote.

Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi. Wanyama wa mara moja wamebaki.

Agosti, rasimu ya ripoti

Tunaandika. Sehemu ngumu ni sentensi moja iliyopendekezwa kwenye muhtasari: kwamba wanyama wa eneo litakaloathiriwa "hawatofautiani" na wa eneo la kulinganishia. Inasomeka vizuri na ni rahisi kunukuliwa. Nimepinga isiingie namna hiyo.

Masanduku mawili yaliyochukuliwa kwa umbali wa mita chache tu yanaweza kutofautiana sana. Chakula kule ni chembe zinazodondoka kutoka juu, kidogo na kwa mafungu. Kinundu hapa, tope tupu pale. Jongoo bahari amepita juzi na kulamba uso. Tofauti za kawaida zikiwa kubwa na masanduku yakiwa machache, hata anguko kubwa la idadi linaweza kujificha. Kutoona tofauti kwa vipimo vyetu hakumaanishi kwamba haipo. Kwa hiyo tumeandika jedwali jingine: kwa idadi ya masanduku tuliyo nayo, ni anguko la ukubwa gani tungeweza kuligundua? Lile dogo kuliko hapo hatuna sauti juu yake, na ripoti inasema hivyo kwa maneno yasiyo na kona.

Hili si suala la vitabuni. Mwaka 2022 mashine ya majaribio ilikusanya zaidi ya tani 3,000 za vinundu upande wa mashariki wa ukanda, na utafiti uliofuatilia, uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2025, ulikuta kwamba ndani ya njia za mashine idadi ya wanyama wa ukubwa wa kati ilishuka kwa asilimia 37 na wingi wa spishi kwa asilimia 32. Waliweza kulisema hilo kwa sababu walikuwa wamechukua sampuli nyingi, kabla na baada, kwa miaka. Kama wangekuwa na masanduku matatu kila upande, theluthi nzima ya uhai ingeweza kupotea na jedwali likasema hakuna kitu.

Na muda wa kupona? Mwaka 1989, katika Bonde la Peru, wanasayansi wa Ujerumani walilima duara la sakafu lenye eneo la kilomita za mraba 11 hivi kwa jembe maalumu, ili waone nini kitafuata. Meli iliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, mifereji ilikuwa ikionekana wazi. Katika ukanda wetu wenyewe, njia ya mashine ya majaribio ya mwaka 1979 ilitembelewa mwaka 2023: baadhi ya wanyama wanaotembea juu ya mashapo walikuwa wamerudi, na zenofiofori pia, lakini sakafu yenyewe bado ilikuwa imebadilika, na wanyama wakubwa wanaoishi wakiwa wameshika mahali pamoja walikuwa bado wachache. Mashapo hapa hujikusanya kwa milimita chache katika miaka elfu moja. Alama haina cha kuifunika.

Ninaandika haya kwa sababu katika mazungumzo ya mradi kuna haraka, na ninaielewa. Mkataba una miaka yake, meli ina bei yake kwa siku, na kuna watu wanaosubiri nikeli na kobalti kwa mahitaji ya kweli. Mimi siko kwenye meza inayoamua kama uchimbaji utafanyika. Niko kwenye meza ya kueleza ni nini kipo, na kwenye meza hiyo sentensi moja iliyozidi uwezo wa data ni kosa lisilorekebishika, kwa kuwa baada ya mashine kupita hakuna atakayeweza kurudi kupima hali ya kwanza.

Septemba, hali ilivyo

Sentensi ya "hawatofautiani" imetolewa. Mahali pake pameandikwa kiwango cha anguko tunachoweza kugundua, kwa kila kundi la wanyama, na jedwali la spishi zilizoonekana mara moja limehamishwa kutoka kiambatisho hadi sehemu ya matokeo. Kwa minyoo ya polikaeti hali ni nzuri kiasi. Kwa aisopodi ni dhaifu. Kwa wanyama wa ndani ya nyufa za vinundu ni dhaifu zaidi. Kundi hilo linahitaji vinundu vivunjwe na kuoshwa kimoja kimoja, na tumekamilisha sehemu ndogo tu.

Ramani ya maeneo ambayo Mamlaka imeyafungia uchimbaji (9 mwaka 2012, yakaongezwa hadi 13 mwaka 2021) imewekwa juu ya ramani ya vituo vyetu. Lililo karibu nasi limechukuliwa sampuli chache mno, hivyo hatuwezi kusema kama linahifadhi spishi zile zile zilizo kwenye eneo la mkataba. Ombi la siku za meli kwa ajili hiyo limekwenda pamoja na rasimu. Nimeomba masanduku yawe mengi kuliko yale ya safari hii, na nimeambatanisha hesabu inayoonyesha sababu.

Vielelezo vya kwanza vimepelekwa kwenye makumbusho kwa ajili ya kuelezwa na kupewa majina. Mifuatano ya DNA imewekwa hadharani, na kumbukumbu za vituo zimeingia DeepData, hifadhidata ya Mamlaka, pamoja na yale masanduku tuliyoyakataa, kila moja likiwa na sababu yake. Wiki ijayo tunaanza kundi la pili la vinundu.